Ulimi wa Msimamizi na Hita ya Bi Zaina

Siku ya kwanza kazini nilipewa bisibisi, ovaroli iliyonizidi mikono, na amri ya kutouliza maswali. Bisibisi na ovaroli nilivirudisha siku nilipoondoka. Amri sikuwahi kuipokea.

Aliyenipa vyote vitatu alikuwa Mtunza Ghala, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni na funguo shingoni. Nilimwuliza kwa nini ghala la kampuni ya hita za maji lina vipuri vichache kuliko duka la jirani. Akaniangalia kuanzia viatuni kwenda juu.

"Umetoka chuo kikuu wewe?"

"Ndiyo, mzee. Uhandisi wa mitambo."

"Basi utapata tabu. Hapa tunafanya kazi."

Nina miaka thelathini na mmoja na sina mvi hata moja, lakini wanafunzi wa chuo cha ufundi ninakofundisha sasa wananiita Mstaafu, kwa kuwa kila somo naanza na "enzi zangu kazini". Wacha wacheke. Enzi zangu zilidumu miaka minne tu, na ndani yake nilishiriki kosa ambalo sitaki walirudie. Ndiyo sababu naandika.

Kampuni yetu ilikuwa Tanga mjini. Ilifunga hita za umeme majumbani na kwenye nyumba za wageni, kisha ikamwuzia mteja mkataba wa matengenezo: hita ikiharibika ndani ya miaka mitatu, tunakuja, tunatengeneza, mteja halipi. Watu wa bara huniuliza, kwenye joto la Tanga nani anataka maji ya moto? Hao hawajawahi kumhudumia mzazi aliyetoka kujifungua, wala kumwogesha mzee mwenye baridi yabisi.

Hita yenyewe si kitu cha ajabu. Ni tangi la chuma lililovikwa koti la kuzuia joto lisitoke. Ndani yake mna elementi, yaani ule mpindo wa chuma unaopata moto na kuyachemsha maji. Kuna themostati, inayokata umeme maji yakifika joto linalotakiwa. Na kuna fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Maji yakiwa na chumvi nyingi, fimbo huisha haraka, na elementi hujivika tabaka gumu jeupe. Mafundi tuliliita ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Elementi yenye ukoko huungua.

Kutokana na ukoko huo kilizaliwa kifungu cha tisa cha mkataba wetu: kampuni haitahusika na hitilafu inayotokana na maji yasiyo ya bomba. Na Tanga, kama mjuavyo, nyumba nyingi zina bomba na zina kisima. Bomba likikauka, pampu inawashwa na maji ya kisima yanapanda kwenye tangi la juu. Kwa hiyo ugomvi wetu wote na wateja, miaka yote minne, ulikuwa mmoja. Hita yako imekunywa maji gani?

Mwaka wa kwanza nilipelekwa Maramba, chini ya Mkuu wa Kituo. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja na pikipiki moja. Wateja wetu walikuwa wakulima, na familia za Kilutheri na Kikatoliki ambazo wazee wao waliletwa zamani kukata mkonge wakabaki. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mwema aliyeogopa simu kutoka mjini. Nilipomwuliza tunajuaje hita imeharibiwa na kisima na si na sisi wenyewe, alijibu, "Mjini wana mtu wa kujua hayo. Ukimwona utaacha maswali."

Mtu huyo nilimwona mwaka wa pili, niliporudishwa Tanga. Cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Mafundi. Jina lake Mzee Mhina, Mbondei, mrefu, shati daima limechomekewa. Ujana wake aliutumia kwenye kiwanda cha mkonge, akilisha na kulinda boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji ya mvuke. Boila la namna hiyo likilishwa maji mabaya linaweza kupasuka na kuua watu. Mzee Mhina alikuwa akiyaonja maji kwa ulimi kabla ya kuyaingiza, na boila lake halikuwahi kupasuka. Kampuni ilimchukua kwa sababu ya ulimi huo.

Nilimwamkia, "Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Mhandisi." Neno hilo alilitamka kama mtu anayetema kokwa. "Nasikia unauliza sana."

"Naambiwa hivyo."

"Uliza. Mimi nitakujibu nikiwa na nafasi."

Njia yake ilikuwa hivi. Kulifungua tangi na kuitazama elementi ni kazi ya nusu siku: ukate umeme, umwage maji yote, ufungue nati, na ule mpira wa kuzibia ukishatoka haurudi, lazima uwe na mpya. Ghala letu halikuwa na mipira mipya. Kuonja maji ya bafuni nako hakufai, kwa sababu mteja mjanja akisikia hodi anageuza koki, kisima kinafungwa, bomba linafunguliwa. Mzee Mhina hakugusa bafuni. Aliketi sebuleni akasubiri chai.

Na chai ilikuja. Sijaona nyumba ya Tanga, iwe ya Mdigo, ya Msambaa au ya Mhindi mwenye duka, inayomwacha fundi aondoke mkavu. Mzee Mhina alipokea kikombe, akashukuru, akanywa funda moja taratibu, akalizungusha mdomoni. Kisha aliniambia, "Andika." Chai ikiwa na chumvichumvi, niliandika kwenye kadi ya kazi: maji ya kisima, kifungu cha tisa. Chai ikiwa safi, niliandika: itengenezwe.

"Koki hugeuzwa," alinifundisha tukiwa njiani. "Chai imechemshwa kabla hujabisha hodi. Chai haina hila."

Niliiona njia hiyo kuwa ya busara, na nakiri. Mimi niliyebishana na Mtunza Ghala, na Mkuu wa Kituo, na hata na mchungaji wa Maramba kuhusu mvua ya mawe, kwa hili sikubisha. Nami nilikuwa nakunywa chai ileile. Nami nilikuwa naisikia chumvi. Kadi zote zina mwandiko wangu.

Ndipo tulipofika kwa Bi Zaina, mtaa wa Mabawa.

Bi Zaina alikuwa mjane aliyestaafu upishi wa shule. Binti yake, Rehema, alikuwa amejifungua kwa operesheni na amerudi kwa mama yake kutimiza siku arobaini, kama ilivyo desturi: mzazi anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, mtoto anaogeshwa ya vuguvugu. Mume wa Rehema, mwalimu wa Maramba, alikuwa ameifungisha hita ile mapema kwa ajili ya siku hizo tu, ili mkwewe asibebe masufuria. Hita ilikufa siku ya sita.

Tulikwenda siku ya nane. Bi Zaina alitukaribisha huku mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Alikuwa ameteguka kiwiko akitoa sufuria jikoni kwenda bafuni. Uani palikuwa na kisima chenye kifuniko cha bati. Chai ikaja, ya rangi, yenye mdalasini, na sahani ya kaimati zilizokolea shira. Mzee Mhina akanywa. Mimi nikanywa. Chumvi ilikuwepo, wala si ya kutafuta.

"Andika," akasema.

Siku tatu baadaye barua ya kampuni ya kukataa kutengeneza ilifika Mabawa, na siku ya nne Bi Zaina akafika ofisini. Hakukaa. Aliiweka barua juu ya meza ya Meneja wa Huduma na kuipiga kofi kwa mkono mzima.

"Hapa mmeandika imethibitishwa. Nani kathibitisha?"

Meneja, mwanamke mpole aliyependa faili kuliko watu, alisema, "Mama, mafundi wetu walichunguza."

"Walichunguza nini? Walikaa sebuleni kwangu kama waliokuja kuposa! Huyu binti fundi wenu hapa hata bafuni hakuingia. Walikunywa chai, wakala kaimati, wakaaga. Uchunguzi gani huo, wa kaimati?"

Mtunza Ghala akacheka pembeni. Mimi sikucheka.

"Kisima unacho, mama?" Meneja akauliza.

"Ninacho! Na paa ninalo, na mlango ninao. Kuwa na kisima ni kosa?" Kisha akanigeukia, na sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi ugomvi sina. Yule mtoto wangu ana mshono. Hawezi kuinama, hawezi kubeba. Mimi mkono ndio huu. Jana ndoo imeniponyoka, maji yamepita hivi, karibu na miguu yake. Karibu. Mnataka mpaka yamfike?"

Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo mwanamke wa umri wake halifanyi ila akiwa amechoka kabisa.

Mchana huo sikuweza kukaa. Kuna kitu nilikiona uani kwa Bi Zaina na kukipuuza, na sasa kilikuwa kinanisumbua. Kisima chake kilikuwa na kamba na ndoo. Hakikuwa na pampu wala mpira wa kupandishia maji, hakikuwa na waya wa umeme. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa. Nikamwendea Mzee Mhina.

"Msimamizi, maji ya kisima kile yanapandaje juu?"

"Pampu huazimwa," alijibu bila kuinua macho. "Leo kwa jirani, kesho kwake."

"Na kama hakuazima?"

"Chai ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Ilikuwa na chumvi au haikuwa nayo?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi, Mhandisi. Mimi nimebakiza wiki sita nistaafu. Nimeonja maji tangu kabla hujazaliwa. Usinifundishe mdomo wangu."

Jumamosi nilinunua mpira wa kuzibia katika lile duka la jirani, nikaenda Mabawa peke yangu bila kadi. Nilikata umeme, nikamwaga maji, nikafungua nati. Nilifanya kazi hiyo mtoto akilia chumba cha pili na Rehema akimwimbia. Elementi ilipotoka niliipeleka mlangoni kwenye jua. Ilikuwa safi. Haikuwa na ukoko hata wa kukwangua kwa ukucha. Fimbo ya magnesiamu ilikuwa nzima. Hita ile haikuwahi kuonja kisima. Kilichokufa kilikuwa themostati, kipuri kidogo, cha kiwandani, ambacho mkataba wetu ulikitaja kwa jina kuwa ni juu yetu.

Themostati sikuwa nayo. Ilikuwa ghalani, na ghala halitoi kitu bila kadi. Jumatatu nilimweleza Meneja wa Huduma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kadi iliyotiwa saini na Msimamizi haifutwi na mtu mwingine.

"Hata ikiwa na kosa?"

"Hata mimi siwezi. Afute yeye. Na kwa kweli," akaongeza polepole, "sidhani atafuta. Ukimwomba afute moja, unamwomba nini hasa? Fikiri."

Nilifikiri. Nilikuwa namwomba mtu aliyebakiza wiki sita akubali kwamba kitu pekee alichosifiwa nacho maisha yake yote kilikuwa kimekosea. Na upande wa pili kulikuwa na mshono wa Rehema na ndoo ya maji yanayochemka. Sikuona mizani hiyo kuwa ngumu. Nilikuwa kijana, bado ni kijana, na huenda ningekuwa na umri wake ningeiona ngumu.

Nilimwendea Mzee Mhina nikamwambia ukweli wote, pamoja na kwamba nimefungua tangi bila ruhusa. Alikasirika kwa namna ya wazee wa Kibondei, bila kupaza sauti. Mwisho akachukua kofia.

"Twende. Lakini sitaki kuona elementi. Elementi unaweza kuwa umeisugua."

"Nimeisugua mimi?"

"Sijui. Wewe huwa huamini watu. Nami leo sikuamini."

Tulifika Mabawa kabla ya adhuhuri. Bi Zaina alitutazama, akamtazama tena Mzee Mhina, akasema, "Karibuni. Mmerudi kumalizia kaimati?" Hata hivyo chai ilikuja. Angekuwa na hasira kiasi gani, chai ingekuja tu.

Mzee Mhina alinywa funda moja, akalizungusha mdomoni. Niliona uso wake unatulia. Chumvi ilikuwepo. Akanitazama kama mtu aliyeshinda. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa kutaka kunifunga mdomo mbele ya shahidi, akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza katika nyumba yoyote.

"Bi Zaina, maji haya ya chai umeyatoa wapi?"

"Kisimani, baba. Nimechota mwenyewe na mkono huu mmoja."

"Umesikia?" akaniambia.

"Kwani ulitaka nikuchemshie ya bomba?" Bi Zaina alishangaa kweli. "Mgeni wangu, mtu mzima kama wewe, nikunyweshe maji ya dawa? Yananuka yale. Ya bomba ni ya kufulia na kuogea, ndiyo yale kule juu. Ya kunywa na ya chai ni ya kisima changu, alikichimba baba yangu. Nyumba zote za zamani hapa tunafanya hivyo. Mgeni hapewi maji ya bomba. Ni aibu."

Mzee Mhina akakitua kikombe. Kisha akainuka, akavua viatu, akaingia bafuni. Tulisikia koki ikifunguliwa na kufungwa. Aliporudi, ndevu zake zilikuwa na matone.

"Dawa tupu," akasema.

Akaketi. Nilidhani atanigeukia kwa ukali, lakini alizungumza kama anayejieleza mwenyewe. "Kule kiwandani kulikuwa na tangi moja. Boila likinywa humo, jiko la chai likichota humo. Chai ikiwa mbaya, boila liko hatarini. Maji yalikuwa mamoja." Akautazama mlango wa bafuni. "Nyumba haina maji mamoja."

"Haina, baba," Bi Zaina alisema, bila kujua ameambiwa nini. "Ongeza chai?"

Akamwongeza. Mzee Mhina akainywa yote.

Kadi aliifuta palepale, kwa mkono wake, na chini akaandika neno ambalo sijaliona kwenye kadi ya kazi kabla wala baada: Nimekosea. Themostati nilikwenda kuichukua mwenyewe. Mtunza Ghala alilisoma neno lile mara mbili, akatoa kipuri bila mzaha. Alasiri ile Rehema alikandwa kwa maji ya bombani, na Bi Zaina alisimama mlangoni akisikiliza maji yakimwagika kana kwamba anasikiliza redio.

Ilikuwa siku ya kumi na saba. Zilibaki ishirini na tatu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kesho yake nilimkuta Mzee Mhina kwenye chumba cha faili, ameketi chini, amezungukwa na kadi.

"Ni nyumba gani nyingine zilitupa chai ya chumvi?" akaniuliza. "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

Wiki zake tano za mwisho alizitumia hivyo, nami nikawa naye. Meneja wa Huduma alitukataza, kisha akatuacha, kisha akaniandikia barua ya onyo, mimi si yeye, na ile barua ndiyo iliyonionyesha kwamba kazi ile na mimi tumefika mwisho. Tulikwenda nyumba kwa nyumba na swali moja. Baadhi kweli walikuwa wamewasha pampu, na walituambia hivyo wakicheka. Wengine walijibu kama Bi Zaina. Mhindi mmoja mwenye duka la vyombo alituacha tusimame mbele ya kaunta yake mpaka tukamaliza kueleza.

"Mwaka mzima, Mzee," akasema. "Mama yangu ameoga maji baridi mwaka mzima, na baridi yabisi yake. Halafu nimenunua hita nyingine. Sasa umeniletea nini? Samahani? Haya, weka hapo juu ya kaunta."

Mzee Mhina alisema, "Nimekuletea hiyo tu." Yule bwana akatutazama, akaagiza soda mbili. Hakuagiza chai. Nadhani hakujua kwa nini tulipeana macho.

Kwa vijana mnaoingia kazini sina mausia ya kuwapa ila haya. Mkifundishwa njia na mtu mwenye heshima, msiifuate kwa heshima yake, na msiidharau kwa uzee wake. Ulizeni ilizaliwa wapi. Njia ya Mzee Mhina haikuwa ya kijinga. Ilikuwa sahihi mahali ilipozaliwa, na hakuna aliyeiangalia tena ilipohama. Mimi niliyejiona mbishi kuliko wote nilikuwa na swali lile mkononi kila siku, la moto, lenye mdalasini, na nilikuwa nalinywa.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha ilikuwa Pangani, ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa pantoni siku moja kabla ya kustaafu kwake. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mwanamke, tuliyemwandikia kifungu cha tisa miaka miwili nyuma. Nilimkumbuka kwa sababu alitupa chai kwenye vikombe vyenye visahani. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani aliyekuwa akikuna nazi uani kwake alituambia mwalimu alifariki kabla ya Ramadhani, na watoto wako mbali.

Mzee Mhina alishukuru. Alitoa kadi mfukoni, akaiegemeza ukutani, akafuta maneno yangu, akaandika lile neno lake na kutia saini. Kisha akainama, kwa shida, magoti yakilia, akaipitisha chini ya mlango.

"Msimamizi," nikamwuliza, "nani ataisoma?"

Alisimama, akajipangusa mikono, akaanza kuteremka kuelekea pantoni. Sikumfuata mara moja. Nilibaki nikiitazama ncha ya kadi iliyokuwa imechungulia nje ya kizingiti, kisha nikainama nikaisukuma ndani yote.